Konokono wa kushoto na minyiri ya pweza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa hapa mwaloni Igombe. Binti yangu wa kidato cha tatu ameleta nyumbani makombe mawili ya konokono. Kubwa kama limau aliliokota ufukweni, dogo kama punje ya hindi alilitoa kwenye majaruba ya mpunga. Limoja limejipinda kulia, jingine kushoto. Nikamwambia hilo dogo lina kasoro. Akabisha, akaongeza kwamba hata pweza niliyemla Tanga ni ndugu wa konokono. Hapo ndipo niliposhindwa. Konokono ana mguu mmoja, pweza ana minyiri minane. Undugu gani huo? – Baba Neema, Igombe.

JIBU: Marahaba, Baba Neema. Binti yako amekushinda mara mbili, na mimi nitamuunga mkono mara zote mbili.

Kwanza hayo makombe. Lishike kombe ncha ikiwa juu, mlango ukikutazama. Mlango ukiwa upande wako wa kulia, huyo ni wa kulia. Ukiwa kushoto, wa kushoto. Hilo kubwa nadhani ni Pila, ambaye akiingia ndani hujifungia mlango kwa kifuniko. Hilo dogo la jarubani, kwa maelezo yako, ni Bulinus, na ukoo wake wote ni wa kushoto. Si kasoro. Nasema hivi kwa aibu, maana mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilimkata mwanafunzi alama kwa kuchora konokono wa kushoto. Kitabu kilionyesha wa kulia tu. Mtoto alikuwa amechora alichokiona bwawani kwao.

Upande huo huamuliwa mapema mno. Yai hugawanyika likawa seli mbili, kisha nne, kisha nane. Kwenye nane ndipo mambo yanapoanzia. Nenda sokoni Kirumba utazame mafungu ya machungwa: chungwa la juu haliketi juu ya kichwa cha mwenzake, hukaa kwenye mwanya kati ya mawili ya chini. Zile seli nne za juu nazo huteleza hivyohivyo, ama kulia ama kushoto, na gamba litakuja kufuata mteremko huo baadaye.

Mwaka 1923 Waingereza Boycott na Diver walichapisha habari za konokono wa bwawani waliowazalisha kizazi baada ya kizazi, na mwaka huohuo Mmarekani Sturtevant akafumbua fumbo lao: gamba la mtoto hufuata jeni za mama (yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli), si za mtoto mwenyewe. Mtoto anaweza kubeba jeni za kulia, lakini gamba likapinda kushoto kwa sababu yai lilipangwa tumboni mwa mama. (Konokono hao kila mmoja ni dume na jike pamoja, kwa hiyo mama hapa ni yule aliyetaga.) Mwaka 2019 huko Japani, watafiti Abe na Kuroda waliikata jeni moja tu katika konokono wa kulia, na uzao ukatoka wa kushoto.

Kinachonifurahisha zaidi ni jeni nyingine, nodali. Kwa binadamu inasaidia moyo ukae kushoto. Mwaka 2009 watafiti Grande na Patel waliikuta ikifanya kazi upande wa kulia kwa konokono wa kulia, na upande wa kushoto kwa wa kushoto. Walipoizimisha kazi yake kwa dawa katika Biomphalaria, wa jamii moja na yule bapa kama ngata tunayemwona kwenye matete ya ziwa letu, baadhi ya vichanga vilitoka na gamba lililonyooka kama kidole.

Sasa pweza. Kuna jeni zinaitwa hoksi. Zenyewe hazijengi gamba wala mguu. Kazi yake wewe unaijua kuliko mimi, ni ya mwenyekiti wa mwalo: mitumbwi ishushie hapa, dagaa waanikwe pale, mizani ikae kule. Kwa inzi wa matunda, jeni moja ya aina hiyo ikichanganyikiwa, miguu huota kichwani mahali pa papasi, zile pembe zake mbili za kupapasia.

Babu wa moluska wote, yaani jamii ya konokono, pweza na ngisi, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, inaelekea alikuwa na hoksi 11. Yuko mnyama mmoja wa baharini, kaitoni, mwenye vibamba vinane mgongoni na anayeng'ang'ania miamba. Kwake jeni hizo bado zinapanga mwili kwa zamu kutoka mbele kwenda nyuma, kama zamani. Lakini mwaka 2003 watafiti walipochungulia viinitete (watoto ambao bado wamo yaini) vya ngisi mdogo wa Hawaii, walikuta mpangilio ule umevunjwa. Hoksi zilezile zimehamishiwa kazi mpya: kwenye minyiri, kwenye bomba analorushia maji, hata kwenye kiungo chake kinachotoa mwanga. Na jenomu ya pweza, yaani jeni zake zote kwa jumla, iliposomwa mwaka 2015, hoksi zake zilikutwa zimetawanyika, kila moja kivyake, wakati kwa wanyama wengi hukaa zimefuatana.

Ndio undugu wenyewe, Baba Neema. Wenyeviti ni walewale, wamepewa mialo mingine. Na nyama ile inayoota chini ya tumbo la konokono ili atambae ndiyo, kwa kiinitete cha pweza, inayochipua minyiri. Ulichokula Tanga ulikuwa mguu.

Neno moja kwa binti. Makombe makavu aokote atakavyo, ayapange dirishani. Ila asiingie tena jarubani kumfuata huyo mdogo akiwa hai: Bulinus ndiye anayebeba kichocho cha mkojo, na yule wa ngata anabeba cha tumbo. Kwa kuwa ameshaingia, mpeleke kituo cha afya akapimwe mkojo. Apimwe hata kama haoni damu, na awaambie ni jaruba lipi.