Mwenzako analala mapema, wewe unakesha: mnaishije?

Ndugu, umeuliza kama ndoa ina kasoro kwa kuwa mkeo saa tatu usiku kashalala na wewe unapanda kitandani saa saba. Mimi na wangu tuko hivyo tangu tuoane. Saa ya kulala haijatugombanisha. Kinachogombanisha ni taa, kelele na masimango ya asubuhi.

Kwanza msiitane mvivu wala mkesha hovyo. Mwili una saa yake, na kwa sehemu mtu anazaliwa nayo. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha, kupitia vijinzi vya matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha. Balehe nayo huichelewesha, kwa hiyo kijana wako asiyeamka asubuhi si lazima awe mkaidi (wangu anaupenda sana utetezi huu).

Sisi tumepanga hivi. Nguo zangu za kulalia nazitoa chumbani mapema, nisije nikapekua kabati gizani. Droo ya upande wangu ilikuwa inalia kila ukiivuta. Nimeipaka nta ya mshumaa kwenye reli, sasa inateleza kimya. Simu inabaki nje, maana mwanga wa kioo tu unatosha kumfanya ajigeuze na kushusha ile pumzi ndefu unayoijua. Yeye naye kengele yake ya saa kumi na moja anaizima mlio wa kwanza. Hilo lilitaka vikao, nisikudanganye.

Ila kubwa kuliko yote: akienda kulala, naenda naye. Tunazima taa, tunapiga soga. Watoto, nani kamuudhi kazini, mdogo wake kakasirikia nini safari hii. Gizani watu wanasema mambo ambayo mchana hayatoki. Akianza kunijibu kwa "mm" tu, najua kashafika, natoka taratibu nikaendelee na yangu.

Kuna aliyekushauri ujilazimishe siku 21, utazoea. Siiamini hiyo namba. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliona tabia mpya inachukua kama siku 66 kwa wastani kukaa mwilini. Kuna wa siku 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji 254. Na hivyo vilikuwa vitu kama kunywa maji wakati wa chakula! Ukitaka kusogeza usingizi kidogo, amka saa ileile kila siku, hata siku ya mapumziko, na utoke ukapate mwanga wa asubuhi. Utasogea, ila usitarajie kuwa kama yeye.

Lakini kama unakesha kwa sababu hutaki kuingia chumbani akiwa bado macho, hayo ni mengine kabisa, na droo hazitakusaidia.