Dawa ya kusukutua kwa vidonda vya kemo: ya kujua kabla ya zamu ya kwanza

Ukipangiwa wodi ya saratani, utakutana mapema na ile dawa ya kusukutua inayochanganywa na mfamasia kwa vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na kemo, yaani dawa za saratani. Soma lebo kila mara, maana mchanganyiko hutofautiana kati ya hospitali na hospitali. Uliozoeleka ni lidokeini nzito ya asilimia 2, difenihidramini (dawa ya mzio) ya maji na dawa ya maji ya kiungulia, kwa vipimo sawa. Lidokeini hutia ganzi. Ile ya kiungulia husaidia dawa ishike kwenye kidonda. Wengine huongeza nistatini kwa ajili ya fangasi. Chupa itikiswe vizuri, la sivyo dozi za mwanzo zitakuwa majimaji na za mwisho mashapo.

Kipimo kwa mtu mzima huwa mililita 5 hadi 10: azungushe mdomoni dakika 1 hadi 2, kisha ateme, kila baada ya saa 4 hadi 6. Tumia sirinji au kikombe cha dawa, kwani vijiko vya nyumbani havilingani. Ameze pale tu daktari alipoandika hivyo, na hapo uwe macho zaidi: koo likiwa na ganzi chakula humpalia mtu, na hujing'ata shavu asihisi. Maelekezo mengi husema asile wala kunywa kwa nusu saa. Maelezo ya lidokeini yenyewe husema dakika 60 bila chakula. Fuata hayo ya pili. Mwenye maumivu makali hujiongezea dozi kimyakimya, na lidokeini hupenya mwilini kupitia vidonda. Kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kutetemeka au degedege ni dalili za kuzidisha. Mtoto mdogo asipewe bila agizo la daktari.

Kinywa kisafishwe kwanza, dawa isikae juu ya mabaki ya chakula. Kikombe kimoja cha maji vuguvugu, robo kijiko cha chai cha bikaboneti (baking soda) na nusu ya kiasi hicho cha chumvi vinatosha. Mwambie ndugu yake waziwazi kuwa si magadi ya kupikia maharage, kwani hayo huunguza. Mswaki uwe laini. Dawa za dukani zenye alkoholi ziachwe kabisa.

Usimwahidi makubwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019, kwa wagonjwa 275 wenye vidonda vya mdomoni kutokana na mionzi ya kichwa na shingo, mchanganyiko huu ulipunguza maumivu katika saa 4 za kwanza, ila nafuu ilikuwa ya wastani tu. Hauponyi kidonda. Akishindwa kumeza hata maji, usimsogezee chupa tena. Mwite daktari aangalie mofini (dawa kali ya maumivu) na dripu.

Kila zamu mulika mdomoni kwa tochi. Utando mweupe unaokwanguka huenda ni fangasi, na ganzi haiutibu. Vidonda vikiambatana na homa ya nyuzi 38 kwa mgonjwa wa kemo, ripoti saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane: huenda seli zake nyeupe za damu, zile za kinga, zimeshuka.