CNC ya mbao kwa mota za fotokopi: nini utoe skrepa, nini ununue dukani

Mkuu, umeuliza kama laki sita inatosha kujiundia CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) ya kukata herufi za mabango na kuchonga milango ya mninga, na kama printa mbovu ulizonazo zitakusaidia. Laki sita inatosha, mradi una fundi wa kukuchomelea na huna haraka. Printa, kama ni hizi za wino za miaka ya karibuni, wape watoto wachezee. Mimi nipo Dar, nina mashine ya namna hiyo yenye eneo la kukata sentimita 60 kwa 40, na karibu kila kinachosogea juu yake kilitoka kwenye chuma chakavu. Nitaeleza nilivyoona mimi, wenye uzoefu zaidi wataongezea.

Printa za wino za siku hizi zinatumia mota ya kawaida ya DC pamoja na ule utepe wa plastiki wenye vimistari. Printa inasoma vimistari ndipo ijue kichwa kimefika wapi. Ukiitoa mota peke yake, haijui chochote. CNC ya bei ya kwetu inataka stepa mota, inayokwenda hatua kwa hatua, nyingi zikiwa na hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Utazikuta kwenye printa za zamani za kugonga utepe, zile za kuchapia ankara, ila ni ndogo. Za kusukuma mbao zipo kwenye fotokopi kubwa za kusimama chini. Stesheneri ikibadilisha mashine, ganda la zamani huishia kwa watu wa skrepa. Ukipata mtu pale Gerezani, hapa Dar, au popote wanaponunua kwa kilo, mwachie namba yako akupigie likiingia.

Ukilifungua, vaa barakoa, maana unga wa tona ni mwembamba mno, na usiguse pawa saplai mpaka ikae muda mrefu bila umeme. Zungusha kila mota kwa vidole. Stepa inakwenda kwa vishindo vidogo vidogo, unavihisi kabisa. Ile kubwa bapa yenye bodi yake mgongoni iache, haiendeshwi kwa njia yetu. Pima uso: milimita 42 ni NEMA 17, milimita 57 ni NEMA 23. Kwa mbao tafuta hiyo ya pili, hata kama itakuchukua miezi. Ukiwa hapohapo ng'oa na swichi ndogo za milango ya fotokopi (zitakuwa limiti swichi, za kuijulisha mashine imefika mwisho), shafti zote zilizonyooka, beringi, na pawa saplai ya volti 24 kama bado nzima.

Waya za mota zinawatesa watu bure. Ikiwa na nne, gusanisha mbili zozote kisha zungusha shafti: ikiwa ngumu ghafla, hao ni jozi, koili moja. Ikiwa na sita, chukua multimita. Kila koili ina waya tatu, na kutoka ncha hadi ncha unasoma omu mara mbili ya kutoka ncha hadi katikati. Tumia ncha, waya wa katikati ufunge kwa tepu usiguse kitu. Ikiwa na tano, rudisha kwenye ndoo. Katikati zake zimeunganishwa ndani na draiva za kawaida (bodi ndogo zinazoipa mota umeme wa kila hatua) hazitaiendesha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hawalipendi kwa sababu halina taa wala waya. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, aliunda printa ya 3D kwa taka za kompyuta na printa, habari ikazunguka dunia, na wengi wakaamini CNC nayo ni hivyohivyo. Siyo. Printa ya 3D haisukumi kitu, inamwaga plastiki ya moto na kupita. Ruta, ile mashine ya mkono inayozungusha biti ya kukatia, inasukuma mbao, na mbao inasukuma ruta. Chochote kinacholegea katikati yao kitaonekana kwenye kazi yako: duara linatoka yai, ukuta wa herufi unatoka na mawimbi.

Zile shafti za milimita 8 za printa zinavutia kwa sababu ni ngumu na zinang'aa. Ukiishika ncha mbili tu kwa urefu wa sentimita 60 ukaweka ruta katikati, inapinda. Ugumu wa shafti ya duara unakwenda na unene wake kwa kipeo cha nne: ya milimita 16 ni ngumu mara 16 kuliko ya milimita 8. Na ukipunguza urefu kwa nusu, ugumu unapanda mara nane. Kwa hiyo za milimita 8 ziache kwa mashine ya kuchorea kalamu. Kwa reli ndefu mimi nilitumia engo ya chuma iliyofungwa kwa bolti juu ya skwea paipu ya 40 kwa 40 kwa urefu wake wote, na beringi za 608 zikikimbia kwenye kingo zake. Engo imeshikwa kila mahali, haina pa kupindia. Isugue kwa msasa mpaka rangi na kutu viishe, na beringi moja ya kila upande iweke kwenye tundu refu ili uweze kuikaza. Reli za droo hazifai. Zikiwa mpya zinateleza vizuri, lakini zishike pembeni uzitikise uone.

Kwa mhimili wa kupanda na kushuka nina siri ya gereji: shokapu za gari. Fimbo yake ni chuma kigumu kilichopakwa kromu, nene kama sentimita mbili, fupi, na imenyooka kuliko chochote utakachouziwa dukani kwa bei hiyo. Chagua isiyo na mikwaruzo. Ila sikiliza hapa: shokapu nyingi zina gesi yenye mgandamizo. Usiweke grinda kabla hujatoboa tundu dogo taratibu kwa drili ya mkono, umevaa miwani, umeielekeza mbali na watu, gesi na oili vikatoka. Halafu mpelekee fundi wa kukereza akuchongee bushi za shaba nyeusi zinazoingia bila kucheza.

Fremu ukiichomelea, mwambie fundi apige nukta kwanza pembe zote, upime diagonali mbili zilingane, ndipo amalizie akirukaruka pembe. Akimaliza upande mmoja moja kwa moja, joto litaivuta na hutaweza kuirudisha.

Skrubu za kuendeshea, watu wa mitandaoni watakwambia ununue za T8, zile maalumu za CNC. Ni nzuri. Mimi natumia thredi rodi ya M12 kwa sababu ipo kila duka la hardware, na uzi wake ni milimita 1.75 kwa mzunguko. Mchezo (nati kulegea kidogo juu ya uzi) unaumaliza kwa nati mbili zenye springi ngumu katikati, kila moja inasukuma upande wake, na grisi kila wiki. Hesabu yake: hatua 200 mara 8 (draiva inagawa kila hatua vipande 8) ni 1600, gawa kwa 1.75 unapata 914.286 kwa milimita. Namba hiyo unaiandika kwenye mipangilio ya $100, $101 na $102 ya GRBL, programu inayokaa ndani ya bodi ya Arduino Uno na kuendesha mota. Usiongeze mgawanyo hadi 16 au 32 ukidhani utapata usahihi. Arduino Uno inaishiwa pumzi karibu na hatua elfu 30 kwa sekunde, na rodi yako haina usahihi huo.

Umeme ndiyo sehemu ya kununua, wala usibane hela hapa. Uno ya kopi, CNC Shield V3 (bodi inayokaa juu ya Uno na kubeba draiva), na draiva. A4988 inatosha NEMA 17, lakini mota nene za fotokopi zipe TB6600. Kwenye A4988 zenye vipingamizi vya R100, volti ya Vref (unayoipima kwenye skrubu ndogo ya draiva) gawa kwa 0.8 ndiyo ampea zako. Anza chini, panda mpaka mota iache kuruka hatua. Ikipata moto hadi huwezi kuishika kwa mkono, shusha. Usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka, draiva inakufa hapohapo. Na hili limewapotezea wengi usiku: tangu GRBL 0.9 pini ya limiti ya Z ilibadilishana na ya spindo (ya kuwasha ruta), kwa hiyo kwenye Shield V3 swichi ya Z ichomeke palipoandikwa SpnEn, siyo Z.

Ruta ya mkono yenye brashi inatoa kelele za umeme zinazoingia kwenye waya za limiti, mashine inasimama katikati ya kazi kama imegonga ukuta. Weka kapasita ya 0.1µF kwenye kila swichi, waya za limiti zipitishe mbali na za ruta, na fremu iwe na ethi.

TANESCO wakikata, GRBL inasahau ilipo. Ndiyo maana swichi zile za fotokopi si mapambo. Umeme ukirudi unaandika $H, inarudi nyumbani, na sifuri ya kazi uliyoiweka kwa amri ya G10 L20 P1 bado ipo kwenye kumbukumbu. Ukiwa umetumia G92, imepotea.

Kuhusu kasi, MDF ya milimita 18 naikata kwa biti ya 6 mm, kina milimita 2 kila mpito, mwendo milimita 600 kwa dakika, ruta ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa. Watu wanapenda kuizungusha hadi mwisho. Kwa mwendo mdogo namna hii biti haikati, inasugua, mbao inaungua na biti inabadilika rangi. Mninga kina milimita 1, usizidi, na vumbi lake likikukera pumzi usilichukulie poa, fungia vakyumu.

Mlango mzima hauingii kwenye mashine ya ukubwa huu. Ninachofanya ni kuchonga paneli moja moja na kumpa seremala aziunge kwenye fremu ya mlango, maana milango yetu mingi ni ya paneli tayari. Herufi za mabango zinaingia bila shida, na ndizo zenye wateja wa haraka.

Programu zote ni za bure: Inkscape kuchora, FreeCAD kutoa njia ya biti, Universal Gcode Sender kutuma. Laptop ya zamani inatosha.

Ukipata ganda la fotokopi, piga picha lebo za mota na idadi ya waya uweke hapahapa, nitakwambia zipi za kubeba.