Kabla ya Kununua Tiketi, Soma Kalenda ya Shule za Wenyeji

Walimu wenzangu wa Nairobi wanaonitaka ushauri kuhusu safari za kielimu ng'ambo huanza na nauli na viza, ilhali swali la kutangulia ni iwapo wanafunzi wa huko watakuwa darasani siku mgeni atakapofika. Likizo yetu ya Agosti huwavutia wengi, lakini nchini Uingereza shule nyingi hufungwa kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Nilipokwenda London na wenzangu katika msimu huo, wakala aliyetuuzia ziara aliiita ya kielimu, nasi tulizunguka makasri na makumbusho pasipo kumwona hata mwalimu mmoja akifundisha. Sisemi makumbusho hayana faida: British Museum haitozi kiingilio, na mwalimu wa historia akisimama mbele ya sanamu za shaba za Benin, ufalme wa kale katika Nigeria ya leo, zilizoporwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1897, hupata somo zima la ukoloni. Ila somo hilo lingemsubiri hata Novemba.

Novemba ndio mwezi ninaoupendekeza. Wanafunzi wetu wengi huwa nyumbani, na Waingereza huendelea na masomo hadi karibu na Krismasi. Kikwazo ni KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, kwa kuwa mwalimu wa sekondari anayesimamia au kusahihisha mtihani hawezi kuondoka. Mwenzake wa shule ya msingi ndiye mwenye nafasi, na kwa maoni yangu ndiye mwenye mengi zaidi ya kuona. Watoto wa Uingereza hufundishwa kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi, na tangu mwaka 2012 wale wa darasa la kwanza hupimwa kwa kusoma maneno 40, nusu yake yakiwa ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili ibainike kama mtoto anasoma kweli au amekariri. Mwalimu wa gredi ya kwanza akiketi nyuma ya darasa la namna hiyo asubuhi moja, atarudi na jambo la kujaribu.

Asiyekuwa na fedha za ndege asikate tamaa, kwani Kigali inafikika kwa basi kupitia Kampala, na Mkenya huvuka mipaka hiyo kwa kitambulisho chake cha taifa. Siku hizi mwaka wa shule wa Rwanda huanza Septemba, hivyo Novemba madarasa yamejaa. Kuna pia suala linalotuhusu moja kwa moja: mwaka 2008 serikali ya huko iliamua kuwa Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, na walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa wakalazimika kubadilika. Keti nao chumba cha walimu, uwaulize walivyofanya. Tenga pia nusu siku kwa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyoko Gisozi, mjini Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Usiiunganishe na safari ya sokoni.

Mwalimu wa shule ya umma aombe mapema kibali cha kusafiri cha TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu. Barua kwa shule ya wenyeji itaje somo, umri wa wanafunzi na jambo mahususi unalotaka kutazama, maana ombi la "kujifunza mengi" humpa mwalimu mkuu sababu ya kuliweka kando. Uliza kama watahitaji hati ya mwenendo mwema, ambayo huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kufuatiwa na kuchukuliwa alama za vidole. Katika shule za Uingereza mgeni husajiliwa mlangoni na kusindikizwa, na picha za watoto hazipigwi bila idhini. Wapo wenzetu wanaoliona hilo kuwa dharau, nami naliona kuwa utaratibu ambao tungefaa kuuiga.

Mwisho, jiandae kufundisha, kwa sababu mara nyingi wenyeji hukuomba dakika chache mbele ya darasa. Mimi hutumia vitendawili: nikishawafunza watoto kuitikia "tega", darasa lote hushiriki hata kama hakuna ajuaye Kiswahili, na walimu wao huanza kuniuliza maswali kuhusu shule zetu.