Kabla ya kuuliza wamegundua nini, uliza wamepimaje

Septemba 2011 nilikuwa na miaka miwili tu katika kazi hii ya kuandika habari za fizikia. Ikaja habari kutoka Ulaya: nyutrino, vile vichembe vinavyopenya miamba kana kwamba haipo, zilirushwa kutoka CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, zikapita chini ya ardhi kilomita 730 hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, na zikafika mapema kuliko ambavyo mwanga ungefika. Tofauti yenyewe ilikuwa kama nanosekunde 60, muda ambao mwanga husafiri mita 18 tu. Niliandika kwa saa mbili, nikampelekea mhariri, na kichwa cha habari kikatoka kikisema Einstein alikosea, kwa kuwa nadharia yake inasema hakuna kinachoupita mwanga kwa mwendo. Kichwa kile nilikipendekeza mimi.

Kilichoniuma baadaye si kwamba matokeo yale yalianguka. Watafiti wenyewe walisema tangu siku ya kwanza kwamba wanawaomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. Maneno hayo nilikuwa nayo mezani, nikayakata kwa sababu yalipunguza makali ya habari. Februari 2012 wakaeleza walichokikuta: kebo ya faiba iliyokuwa haijakazwa sawasawa, pamoja na hitilafu katika saa yao. Machi, kundi jingine katika maabara ileile likapima na kukuta nyutrino haziupiti mwanga.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya ujumbe nilioupata wiki iliyopita kutoka kwa mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu: "Shikamoo dada. Nataka kuandika habari za sayansi kwa Kiswahili. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Jibu limekuwa refu, ndiyo maana nalileta hapa hadharani.

Anzia kwenye kipimo. Ukipata taarifa ya ugunduzi, usikimbilie maana yake kwa ulimwengu. Tafuta kwanza chombo kilichotumika: kiliwekwa wapi, kilisoma nini hasa, na nani mwingine amekisoma. Makala nyingi za utafiti wa fizikia zinapatikana bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya arXiv. Mimi huanza na michoro, kisha naruka hadi sehemu wanapoorodhesha mambo yanayoweza kuwa yamewapotosha. Huko ndiko mtafiti anakosema kweli yake yote. Muhtasari nausoma mwisho.

Utaambiwa kinga yako ni sigma, yaani kipimo cha jinsi ilivyo vigumu matokeo kuwa yametokea kwa bahati tu. Ni kweli wanafizikia wa chembe hawatangazi ugunduzi hadi wafike sigma 5, maana yake bahati peke yake ingetoa dalili kubwa kiasi hicho mara 1 hivi katika majaribio milioni 3.5. Lakini matokeo ya nyutrino yalikuwa na sigma 6! Sigma hukulinda dhidi ya bahati, haikulindi dhidi ya kebo iliyolegea. Ndiyo sababu Julai 4, 2012, CERN ilipotangaza chembe iliyofanana na ile ya Higgs, iliyotafutwa kwa miaka mingi, kilichonituliza moyo hakikuwa sigma 5. Nilitulizwa na kuona mitambo miwili, ATLAS na CMS, iliyojengwa kwa namna tofauti na watu tofauti, ikionyesha kitu kilekile penye uzito wa karibu GeV 125 (GeV ni kizio ambacho wanafizikia hupimia uzito wa chembe).

Halafu piga simu. Mtafute mtu mmoja anayeijua fani lakini hayumo katika utafiti huo, umuulize kama kuna jambo linalojulikana ambalo linapingana na habari hii. Ningefanya hivyo mwaka 2011, angeniambia kuhusu nyota iliyolipuka mwaka 1987, umbali wa miaka-nuru kama 168,000 kutoka kwetu. Nyutrino zake zilifika saa chache tu kabla ya mwanga wake, kwa sababu mwanga ulichelewa kupenya tabaka za nyota. Kama zingekuwa na mwendo ule uliotangazwa Gran Sasso, zingetangulia kwa miaka minne hivi. Nishati zake zilikuwa ndogo kuliko za nyutrino za CERN, na huenda mwendo ungetegemea nishati, kwa hiyo jambo hilo peke yake halikufunga mjadala, lakini lingetosha kunizuia kuandika kichwa kile.

Sasa lugha. Wengi watakuambia Kiswahili hakina maneno ya fizikia. Maneno yapo. Shida kubwa ni yale ambayo msomaji tayari anayo na maana nyingine. Chukua *nadharia*. Mtaani nadharia ni maneno matupu yasiyo na vitendo, kwa hiyo ukiandika "nadharia ya Einstein" bila kueleza, umemwambia msomaji kwamba ni dhana ya mtu fulani. Mimi huongeza majaribio iliyoyapita. *Kosa la kipimo* nalo ni mtego: mwanafizikia anamaanisha upana wa mashaka, msomaji anaelewa kwamba mtu amevurunda. Siku hizi naandika tu "kati ya hiki na hiki". Hata *uzito* nilioutumia hapo juu kwa chembe ya Higgs, mwalimu wako angenisahihisha kwamba ni masi, na angekuwa sahihi. Katika makala ya gazeti mimi huchagua uzito, kwa sababu msomaji akikwama kwenye neno moja hafiki kwenye ugunduzi. Nimelipigania hilo na wahariri mara nyingi, na sijabadili msimamo.

Kuhusu kipato sitakuficha: makala hizi hazijawahi kunilipia kodi ya nyumba peke yake. Natafsiri nyaraka asubuhi, naandika fizikia jioni. Ukilijua hilo mapema hutaumia.

Nimalize na habari iliyonifundisha ujasiri. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado moto, akaona umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakucheka. Alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima muda wa maji kushuka hadi nyuzi 0 na hawakuona dalili kwamba ya moto huyatangulia ya baridi. Waligundua pia kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita 1 tu ndani ya chombo kunatosha kuleta matokeo ya uongo. Wengine wanapinga, kwa kuwa kushuka hadi nyuzi 0 si sawa na kuganda. Nilipoyaandika haya, baadhi ya wasomaji walikasirika wakisema namdharau mwenzetu. Niliumia sana, maana nampenda Mpemba kuliko wanasayansi wengi waliopata tuzo. Alichokiona alikiona, na aliuliza mbele ya watu. Kuuliza kilipimwaje ni kuendeleza swali lake mwenyewe, na kama ningeandika "Mtanzania aliyegundua" nikaishia hapo, ningelifunga swali ambalo yeye alilifungua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kazi yako ya kwanza isiwe habari ya mashimo meusi. Chukua vikombe viwili vinavyofanana, kimoja cha maji ya moto na kingine ya baridi, uviweke kwenye friza. Rudia mara kumi. Kisha niandikie maneno mia tano, na sentensi ya kwanza iniambie kipimajoto ulikiweka wapi.