Mshono wa ngozi unaofumuka
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mshono wa mkoba wako ulifumuka wote baada ya uzi kukatika mahali pamoja tu. Nadhani ulitumia sindano moja. Mafundi wa ngozi hutumia sindano mbili butu, moja kwenye kila ncha ya uzi, nazo hupita katika tundu lilelile kutoka pande mbili, hivyo uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili huendelea kushika. Toboa matundu kwanza kwa msharasi, yaani chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, yaachane kama milimita 4, kisha upake uzi nta ya nyuki. Vuta kwa nguvu sawa, bila kukaza hadi ngozi ijikunje. Mabaki ya ngozi ya kujifunzia mwombe fundi wa makubadhi hapo Mombasa. Ngozi laini ya mikoba, kwa maoni yangu, humsumbua mwanafunzi bure.