Ukitafuta sayari yenye majua mawili, usiamini saa

Usiku wa kwanza nilipokaa kupitia michoro ya mwanga wa nyota kwenye Planet Hunters TESS, mradi wa watu wa kujitolea wanaosaka sayari katika data za TESS, darubini ya angani ya NASA, shirika la anga la Marekani, nilidhani nimepata. Mstari wa mwanga unakwenda sawa, unazama shimo refu (mwanga umepungua), siku chache mbele shimo dogo, kisha refu tena. Nikajiambia: refu ni nyota moja kuziba nyingine, dogo ni sayari! Nusura niamshe watu. Nilipohesabu siku kwa kidole kwenye skrini, shimo dogo likawa linakaa katikati kabisa ya marefu mawili, kila mara. Sayari wapi! Ilikuwa nyota hafifu ikipita nyuma ya mwenzake.

Basi shika hili: kinachokuja kwa saa ileile ni nyota zenyewe. Sayari inayozunguka nyota mbili haina ratiba hiyo, maana kila ikifika inakuta nyota zimehama. Sayari TOI-1338 b hupita mbele ya nyota yake kubwa baada ya siku 93 hadi 95, na shimo lake hubadilika kina na upana. Programu zinazosaka kitu cha kujirudia sawasawa huiruka kirahisi. Aliyeiona, mwaka 2019, ni Wolf Cukier, kijana wa miaka 17 aliyekuwa na siku tatu tu za mafunzo NASA. Alikuwa akipitia nyota ambazo watu kama sisi walishaziwekea alama kuwa zinazibiana mwanga. Kwa hiyo weka alama, hata ukiona ni nyota mbili "tu".

Usipoteze usiku wako kwenye jozi za nyota zilizobanana mno. Nilizipenda mwanzoni, mashimo yake ni mengi. Lakini darubini ya Kepler, iliyochunguza jozi kwa maelfu, ilipata sayari kwa zile zinazozungukana kwa siku saba na zaidi. Sayari nayo lazima ikae mbali: nyota mbili za mfumo wa Kepler-16 huzungukana kwa siku 41, sayari yake huchukua 229. TESS hukodolea kipande kimoja cha anga siku 27 hivi, kwa hiyo mara nyingi utaona shimo moja pekee la sayari.

Ukiliona, fungua kwanza michoro ya nyota za jirani. Ikitikisika siku hiyohiyo, huenda ni mwanga wa Dunia au Mwezi ulioingia kwenye kamera.